Mkimbiaji wa Mbwajumali

“Daktari amesemaje?” Mselem alimuuliza mkewe, hata kukaa hajakaa.

“Amesema si mbio,” Swafiya alijibu.

Alikuwa amelala kwa mamake, Mbwajumali, tumbo limeshonwa. Mwaka ule wa 1956 hakuna mwanamke pwani nzima aliyemshinda kwa kukimbia. Lakini kila mwezi aliumwa hadi akatapika, na alikimbia hivyo hivyo, leso kaikaza kiunoni. Mbio za Mombasa zilimwangusha kabla hajaufikia utepe, akapelekwa hospitali, akapasuliwa. Ndoa yao ilikuwa na miaka minne bila mtoto, na mama mkwe wake, Bi Mwanamkisi, alikuwa ameeneza Pate yote kwamba mbio zimemharibu kizazi.

“Kama si mbio, ni nini?”

“Nyama kama ya ndani ya kizazi imeota nje yake. Nikiingia mwezini nayo huvuja, na damu haina ndia ya kutokea.”

“Utazaa?”

“Hajui. Na maumivu yaweza kurudi.”

Aliyasema kama anayesimulia habari za jirani.

“Swafiya, kuna jambo...”

“Umeposewa Ummu, binti wa Bwana Kamaludin. Nalijua kabla sijapanda boti Mtangawanda kwenda Mombasa. Ummu alikuja mwenyewe kuniomba radhi.”

Mselem akainamisha kichwa. “Mama ndiye aliyeposa.”

“Nawe?”

“Nalinyamaza.”

“Basi kaoe. Hasira sina. Machozi pia sina.”

Mselem akaondoka. Swafiya akasikia mlango ukifungwa, akageukia ukuta, akalala.

Baada ya Ijumaa mbili Mselem alirudi, vumbi hadi magotini.

“Nimevunja posa,” alisema. “Nimemwambia mama, Bwana Kamaludin akisikia, kwamba wewe u mgonjwa, mbio hazikukuharibu. Na kwamba nalikuwa nikikuona unavyoumwa, nikanyamaza.”

“Umenionea huruma?”

“Sitaki mke mwengine. Tukikosa watoto, tumekosa.”

Swafiya alimtazama sana, akingoja moyo useme kitu. Haukusema.

“Sihisi kitu, Mselem. Ukinichukua, utanipata hivi.”

“Nitakuchukua hivyo.”

“Na nikipona nitakimbia.”

“Nitakuja kutazama.”

Miaka yote ile hakuwahi kuja hata mara moja.

“Basi nishike,” Swafiya akasema. “Leo nataka kufika uani.”

Wakaenda polepole, yeye ameegemea bega la mumewe. Mlangoni akasimama kupumua. Furaha hakuihisi. Alihisi kiganja cha Mselem mgongoni mwake, kina joto, akaona kwa leo chatosha.