Mita Moja na Sentimita Sabini

Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, tulitoka kambini kwenda kupima mti. Sikuwa na nia nyingine. Nilifanya kazi ya upimaji wa viwanja mjini Uvira kwa miaka thelathini na mitatu kabla ya kustaafu, na mtu wa kazi hiyo hawezi kulala karibu na kitu kikubwa namna ile bila kujua ukubwa wake.

Tulikuwa watu wanne: mimi, mke wangu Pudentienne, mdogo wake Achille anayefundisha shule huko Kamanyola, na Nsengiyumva, mlinzi wa hifadhi aliyetupandisha tangu asubuhi kutoka barabara ya Luvungi. Safari ilikuwa zawadi ya watoto wetu kwa miaka arobaini ya ndoa. Hema mbili zilikuwa tayari, na ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, walikuwa wameandaliwa kando ya moto.

Achille aliponiona nimeshika dekametre, ule utepe wangu wa kupimia, alinicheka mimi shemeji yake. "Bofrere, hata huku juu unataka kukata parseli za viwanja?"

Yeye ndiye aliyependekeza tuukumbatie mti kwanza, kwa mikono, kama wageni wanavyofanya. Nsengiyumva alieleza kwamba huko mzunguko haufungwi. Hata wakiwa watu kumi, huachwa nafasi ya mkono mmoja, kwa ajili ya mwenyewe. Nilimwuliza, huyo mwenyewe ni nani? Akatabasamu tu na kusema kwamba sisi hatukuwa na sababu ya kuogopa. "Watu ine hawafike. Inaomba watano."

Tukajipanga, nyuso zikielekea gome. Mkono wangu wa kushoto ulishika wa Achille. Wa kulia ulishika mkono wa kushoto wa mke wangu, wenye pete ya ndoa. Nsengiyumva alikwenda upande wa pili, ambako sikuweza kumwona, akamshika Achille. Nafasi ilipaswa kubaki kati yake na mke wangu.

Tukanyoosha mikono.

Nilisikia kitu kikilia polepole, kama kamba mbichi inayovutwa... Kisha harufu. Gome lililobanduliwa sasa hivi, na maziwa yaliyochacha.

Pete ya Pudentienne ikazunguka ndani ya kiganja changu.

Pete ile ilikuwa haijazunguka kwa miaka ishirini. Haikutoka hata kwa sabuni. Jioni ile ilizunguka kama pete iliyovishwa kijiti.

Sauti ya Nsengiyumva ikatoka nyuma ya mti, ndogo sana.

"Mukono gani huu?"

"Iko yangu," akajibu mke wangu.

Alijibu kwa utulivu, kama mtu anayeulizwa chumvi iko wapi. Nilisikia mlinzi akijinyakua na kurudi nyuma, matawi makavu yakivunjika chini ya buti zake. Mzunguko ukafunguka.

Nilipima shina mara tatu. Mita nane na nusu, kila mara. Urefu wa mikono iliyonyooshwa hukaribia sana kimo cha mtu, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: mimi sentimita mia moja sabini na nne, Achille mia na themanini, mlinzi mia moja sitini na nane, mke wangu mia moja hamsini na nane. Jumla ni mita sita na sentimita themanini. Ilipungua mita moja na sentimita sabini. Na bado tulikuwa tumeufunga mzunguko.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa kwamba palikuwa na mtu wa tano. Wakati wa kula nilimhoji kila mmoja, taratibu, kama ninavyowahoji majirani wanaogombea mpaka. Achille alinishika mimi na mlinzi. Mlinzi alishikwa na Achille na mke wangu. Mke wangu alinishika mimi na mlinzi. Hapakuwa na mkono uliozidi.

Basi palikuwa na mkono uliorefuka.

Pudentienne aligawa bugali na ndagala. Nsengiyumva aliipokea sahani yake, akashukuru, akaiweka chini. Hakuigusa.

Asubuhi, kwenye kizuizi cha kutokea, aliandika katika daftari: waliingia wanne, wametoka wanne. Kisha akanivuta kando na kuninong'oneza habari ya mwanamke mmoja wa huko chini ambaye naye aliwahi kuufunga mti. Jamaa zake walihesabu watu waliorudi, wakaridhika.

"Hesabu ilikuwa sawa, Mzee. Hakuna mwenye alimupima mikono."

Nilimwuliza mwisho wake.

"Bwana yake aliogopa kumushika. Muke akarudi mutini."

"Na kama angemshika?"

Alimtazama mke wangu, aliyekuwa akifunga mizigo. "Bwana mwenye alishika, bado sijasikia habari yake."

Tulirudi nyumbani Nyamianda. Nimemchunguza mke wangu kwa siku kumi na tano. Anajua majina ya wajukuu wote na makosa yao. Anasali rozari bila kuruka fumbo. Ananigombeza kwa viatu vyangu vyenye tope. Lakini sasa hujitanda kitenge mabegani, hata kwenye joto la mchana.

Marie-Rose, fundi wetu wa cherehani, huandika vipimo vya wateja wake. Mwezi wa sita, kabla ya safari, mkono wa blauzi ya Pudentienne ulikuwa sentimita hamsini na mbili. Wiki moja baada ya msitu, hamsini na saba. Jumamosi iliyofuata blauzi ilikuwa tayari, na mikono ilikuwa mifupi. Fundi aliapa kwamba alikata sawasawa, akapima upya. Sitini na mbili.

Sentimita tano kwa wiki, kila mkono. Mita moja na sentimita sabini, ile iliyopungua mtini, ukiigawanya kwa mikono miwili, ni themanini na tano. Wiki kumi na saba tangu siku ya mti. Itaangukia Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Hesabu inaniambia lini. Hainiambii nini.

Jana jioni nilikuwa nimekaa barazani na karatasi hizi. Alikuja akakaa kwenye kiti cha pili.

"Papa Aline," akasema, kwa jina la binti yetu kama anavyoniita siku zote, "toka kule juu, mbona haunishike tena mukono?"

Sauti ilikuwa yake. Ilitetemeka kidogo, kama inavyotetemeka anapoumia na hataki nijue. Kama ni yeye, na mimi nikamwacha, atarudi kule. Kama si yeye...

Nilitafuta kipimo cha kunionyesha kama ni yeye. Sikukipata.

Nikaweka kalamu chini, nikamshika.

Ile harufu ikaja, ya gome bichi. Vidole vyake vikazunguka vyangu, mara moja, kisha mara ya pili.

Na pete ikazunguka.