Foleni ya Seva Moja

Walikutana mapokezi ya hospitali, watu wamejaa hadi mlangoni na printa imegoma. Karani, gauni la kijani limemkaa sawasawa, alimtazama fundi wa kompyuta kuanzia viatuni hadi kwenye kola iliyopauka.

"Kumbe fundi ndiye wewe? Nilidhani watatuletea mtu mzima."

"Mzima nipo. Mgonjwa ni seva."

Akamweleza kwamba kompyuta zote za hospitali zilifanya kazi ndani ya seva ile moja, na kila karatasi, ya wodini au ya mapokezi, ilipita humo. Foleni ya kuchapa ikikwama lazima aifute yote, na kazi za wote hupotea. Ndiyo maana alikuwa akipigia simu kila wodi kwanza.

Wakapendana. Printa ikigoma, karani anampigia yeye.

"Mpenzi, watu wananitoa roho huku."

"Nipe muda niulize wodini."

"Kama unanipenda, futa sasa hivi."

Akafuta. Printa ikaanza kutoa karatasi, karani akambusu kwenye simu.

Siku hiyo baba yake karani alikuwa amelazwa wodi ya wanaume, akisubiri damu. Ombi la daktari lilikuwa kwenye foleni ile ile. Maabara hawakupata karatasi. Wodini walidhani damu inaandaliwa. Kufika jioni mzee alikuwa amekata roho.

"Umeniulia baba," karani alimwambia fundi msibani, mbele za watu wote.

Fundi aliinamisha kichwa. Ndugu walimtukana, mama mtu akamfukuza, naye hakusema nani alimharakisha. Kimya kile kilimtesa karani kuliko msiba wenyewe.

Kisha printa ikagoma tena. Karani akampigia fundi.

"Ni mimi. Uliza wodini kwanza. Zote. Nasubiri."

Watu dirishani walifoka, aliwaacha wafoke. Alimsikia fundi akiuliza wodi moja baada ya nyingine kwenye simu ya mezani, na alipofika ya wanaume akauliza mara mbili.

"Nimemwambia mama kwamba ni mimi niliyekuharakisha," karani alisema fundi alipoirudia simu yake.

"Akasemaje?"

"Hanisemeshi mpaka leo."

"Ukitoka kazini nisubiri getini. Twende kwake pamoja."

"Atatufukuza."

"Basi atufukuze wote wawili."