Mgeni Njoo, Lakini Nawa Kwanza

Siku ya Sabato, vyombo vya mchana kabla havijaoshwa, wageni walianza kuingia kwa Drusilla. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi hapo kwa Drusilla, karibu na soko la Ikonge, wageni walikuwa wakija karibu kila siku, na mwenyeji alizidi kudhoofika.

Drusilla alikuwa na saratani ya titi. Kila baada ya wiki tatu alikwenda hospitali mjini Kisii kutundikiwa dripu ya dawa. Dawa ile ilimtapisha. Ilimnyonyoa nywele na kumpa vidonda mdomoni. Hayo aliyavumilia, kwa sababu uvimbe ulikuwa umeanza kupungua. Kilichomshinda ni watu.

"Mama Sharon, umekonda mono, umekonda sana," alisema Bathsheba, dada ya mumewe, kana kwamba nyumba ile haikuwa na kioo. "Ni ugali unakataa."

"Nimekula viazi asubuhi."

"Viazi ni chakula? Kunywa hii maziwa. Nimekuletea kutoka nyumbani."

Yalikuwa maziwa mala, yaliyogandishwa kwenye kibuyu bila kuchemshwa. Drusilla aliyanywa. Kumkatalia wifi mbele ya watu ni kujitafutia maneno ya mwaka mzima.

Mzee Abner wa kanisa naye alimshika mikono yote miwili, akaomba. Ilikuwa sala ndefu, na kilichoikatiza ni kikohozi chake tu. Alikohoa, akajifuta kwa kiganja, kisha akamshika tena Drusilla.

Mumewe, Osoro, alimwinamia sikioni. "Mama Sharon, chai itatosha watu?"

Drusilla alitamani kumpiga kwa sufuria. Lakini aliinuka, akaenda jikoni. Alipokuwa akipuliza moto, mwili ulianza kumtetemeka. Alisikia baridi, na uso ulikuwa ukiwaka. Alipeleka chai hivyo hivyo, akaketi na wageni mpaka wimbo wa mwisho.

"Hiyo ni malaria," Bathsheba alisema alipomgusa shingo. Akampa vidonge vya kutuliza homa. Joto lilishuka, na kila mtu akarudi kwake akiwa ameridhika.

Asubuhi homa ilirudi kwa nguvu. Drusilla alijifunika blanketi zote za nyumba na bado meno yaligongana.

"Twende hospitali," alisema.

"Wacha tungoje kidogo," Osoro alijibu. "Ukimeza dawa zingine itashuka, kama jana."

Kwa bahati Lorna alipita kuchukua mayai. Lorna ni jirani yao, muuguzi. Alipoambiwa habari aliweka mayai chini, akanawa, akaleta kipimajoto.

"Thelathini na nane na nusu," alisema. "Baba Sharon, hospitali waliwaambia nini kuhusu homa?"

"Walisema tupige simu. Lakini ilishuka."

"Ilishushwa. Dawa ya kutuliza homa inaficha joto, ugonjwa unabaki ndani." Lorna alikuwa amekasirika, na hakujaribu kuficha. "Sikilizeni. Dawa ya saratani inaua saratani, lakini pia inapunguza askari wa damu, wale wanaopigana na vijidudu. Kwako wewe mafua ni mafua. Kwake yanaweza kuwa kifo. Joto likifika thelathini na nane, hakuna kungoja, hata kama ni usiku, hata kama ni Sabato. Unapiga simu, unaenda."

Walipiga simu, wakaenda. Hospitali walipima damu. Haikuwa malaria. Askari wa damu walikuwa wachache sana, na vijidudu vilikuwa vimeingia. Drusilla alilazwa, akapewa dawa kali za kuua vijidudu kwa mshipa. Daktari alisema wamewahi, ila ilibaki kidogo tu wachelewe.

Kisha akasema jambo lililomuuma Drusilla kuliko sindano. Dripu ya saratani haingewezekana wiki ile. Ingebidi isubiri mpaka damu ipate nguvu.

Drusilla alilia kwa hasira. Osoro alipokuja kumwona, Lorna akiwa naye, hasira ile ilimwagika yote.

"Nimechoka na wageni wako. Nimechoka kuwapikia watu chai ya ugonjwa wangu."

"Nifanye nini?" Osoro alisema. "Nikifunga mlango watasema tunaringa. Siku ya matanga nani atakuja? Nani atanisaidia kubeba?"

"Kwa hivyo unawalisha sasa ili waje kunizika?"

 

"Hakuna mtu wa kufukuzwa," Lorna alisema kwa upole. "Wakae nje kwenye hewa. Wanawe kwa sabuni. Wasalimie bila kushikana mikono. Anayekohoa au anayeharisha aombe akiwa kwake, Mungu anasikia kutoka huko pia. Maziwa yachemshwe, chakula kiive vizuri. Mpeni kidogo kidogo mara nyingi, msimlazimishe. Na mtu akileta mitishamba, mwulizeni daktari kwanza."

"Bathsheba atakasirika," alisema Osoro.

"Mpe kazi. Majani yenu ya chai yamekomaa shambani, na mgonjwa hawezi kuchuma."

Drusilla alirudi nyumbani. Sabato iliyofuata alilala kitandani, dirisha likiwa wazi, akiwasikia wageni wakifika. Osoro alikuwa amesimama langoni kando ya dumu la maji na kipande cha sabuni. Sauti yake ilitetemeka kama ya mtoto anayesoma mbele ya darasa.

"Mzee Abner, nakuheshimu sana. Lakini bado unakohoa. Nakuomba urudi, utuombee ukiwa nyumbani."

Drusilla alishika shuka.

"Miaka yote hii sijawahi kurudishwa langoni," alisema Mzee Abner.

"Ni kweli, mzee. Ni mke wangu anatibiwa."

Mzee alikohoa, akasema, "Basi sawa," na hatua zake zikaondoka.

Bathsheba alinuna kwelikweli. Hata hivyo, Jumatatu aliingia shambani na kikapu, akachuma chai akilalamika mstari kwa mstari, na hakuacha hata kichaka kimoja. Kesho yake alileta uji, akauacha mlangoni ukitoka mvuke.

Siku ya kliniki, Drusilla alipimwa damu tena. Askari walikuwa wamerudi. Dripu ikatundikwa.

Jioni ile alitapika kwenye beseni, akatapika tena. Osoro alimshikia kichwa, mikono yake ikinuka sabuni.

"Pole, Mama Sharon. Pole sana."

Drusilla alijifuta mdomo. Alikuwa amechoka, na midomo ilimuuma.

"Usinipe pole," alisema. "Dawa imeingia."