Kibangwa na Shati la Bluu

Saa tatu asubuhi, siku ya kuondoa tanga la mzee Luhende kule Ntalikwa, sanduku la marehemu lilifunguliwa mbele ya watu. Lilikuwa tupu. Kibangwa, kile kisahani cha kome ambacho ukoo huo humvika mrithi, hakikuwamo.

Wakakikuta ndani ya begi la Marko, mtoto wa marehemu wa nje ya ndoa.

Sajenti Mektilda alifika na pingu kiunoni. Marko alikuwa kasimamishwa katikati ya uwanja, amevaa shati la kitenge cha bluu, sare ya ukoo wa baba. Wajomba na wakwe walivaa kijani.

"Hata hiyo sare si yake," alisema Mathias, mtoto wa ndoa. "Mama yake hakutolewa ng'ombe wa mahari. Mtoto wa hivyo ni wa wajomba. Avae kijani!"

"Ulimwona akiiba?"

"Saa moja, natoka kwenda mjini kufuata mchele, nikamwona anatoka chumba cha mzee. Nilimwona mgongo, na shati hilohilo."

"Una hakika lilikuwa la bluu?"

"Afande, mimi si kipofu. Liliniudhi."

"Marko?"

"Sikuingia chumba kile. Lakini nani ataniamini?"

"Mpeleke!" mtu alipiga kelele.

Mektilda alilitazama lile shati. Ukosi ulikuwa bado na chaki ya fundi.

"Shikamoo, shangazi," alimwambia Eustadia, dada wa marehemu. "Nani kamshoneshea?"

"Marahaba. Mimi. Fundi kalileta saa mbili, Marko akabadilishia jikoni, wapishi wanamcheka. Asubuhi alikuja na kijani."

"Mathias, mchele umerudi nao saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro."

"Umemkuta na bluu, ukadhani kaja nayo. Saa moja shati lilikuwa kwa fundi. Kibangwa umekitia wewe begini."

Mathias alitazama mlango wa uani. Wapishi walikuwa wamesimama pale.

"Jana nilimwambia Mathias," Eustadia alisema. "Kaka alipeleka hao ng'ombe kabla hajafa. Marko ni wetu, na ndiye mkubwa. Leo anavikwa yeye."

"Nimemuuguza mzee mimi!" Mathias alifoka. "Nimemwogesha mimi! Huyu aje na begi tu, avikwe? Angefungwa, ningebaki mimi!"

Akaanza kufungua shati lake la bluu. "Chukueni na hili."

Marko akamshika mkono. "Acha ujinga. Baba ni mmoja."

Akamfunga vifungo mpaka shingoni. Kisha Mektilda akamfunga pingu.