Aliyemchoma Ngamia

Nyumba yao iliamshwa kila siku na cherehani. Mama alikuwa mshonaji, na kabla maji ya chai hayajachemka alikuwa ameshakunja nguo za wateja na kuzipanga mezani. Asubuhi hiyo alikuwa akimshonea binti yake kifungo cha sare, naye binti amesimama mbele yake akijipinda kwa haraka.

Binti huyo alikuwa na jina zuri tu alilopewa na babu yake, lakini hakuna aliyelitumia. Nyumbani na shuleni aliitwa Pilipili, kwa sababu ya ulimi wake.

"M-m-mama, na-na-naomba chai," alisema mdogo wake, ambaye alikuwa na kigugumizi.

"Cha-cha-chai gani? Ya ma-ma-maziwa?" Pilipili akadakia, huku akikodoa macho kama yeye.

Mtoto aliinamisha kichwa. Hakuiomba tena chai.

"Ulimi huo utakuponza," mama alisema, pini zikiwa mdomoni.

"Namtania tu, mama."

"Utani wa watu wawili, hucheka wote wawili. Huyu anacheka?"

Pilipili alikwapua mkoba wake. Kifungo kilikuwa kimeshakaa, na basi la shule halikuwa la kusubiri mtu. Darasa la sita lilikuwa likienda kwenye bustani ya wanyama, ile ambayo wageni huruhusiwa kuwagusa wanyama kwa mikono yao.

Ndani ya basi Pilipili alikuwa kwenye raha zake. Aliwabandika wenzake majina: mvulana mrefu mwembamba alimwita Tambi. Aliyetembea polepole alimwita Kobe. Jirani yake wa dawati, msichana mpole mwenye miwani mizito kama kitako cha chupa, alimwita Miwani, na jina likamganda. Kila alipotupa neno, darasa lilicheka, na kicheko hicho kwake kilikuwa kama maji kwa mwenye kiu. Miwani naye alicheka kidogo, cheko la mtu asiyetaka ugomvi. Ni yeye huyo aliyekuwa akimwelekeza Pilipili hesabu kila zilipomshinda.

Huko bustanini mambo yalianza vizuri. Walimlisha twiga majani, ulimi wake mweusi ukawapapasa viganja. Kasuku mwekundu aliwatukana, wakavunjika mbavu. Kisha mwongozaji akaleta chatu, mnene kama paja la mtu, akauliza nani atamvaa shingoni.

"Mimi!" Pilipili alipaza sauti kabla hajafikiri.

Lakini chatu alipomgusa tu, baridi ile na uzito ule vilimtoa akili. Alipiga ukelele, akaruka nyuma, akakaa matopeni kwa makalio. Darasa zima lilicheka. Tambi alicheka mpaka akashika tumbo. Na hapo Miwani akajitokeza polepole, akainamisha shingo, akamwacha chatu ajizungushie mabegani. Akawa anamsugua kichwa kwa kidole kama paka.

"Huyu ndiye shujaa!" alisema mwongozaji. Wenzake wakampigia makofi.

Pilipili alijifuta matope. Hakuna kinachomuuma mtu aliyezoea kuchekesha kama siku ya kuchekwa yeye. Moyoni alisema, "Subiri, utaona."

Kituo cha mwisho kilikuwa cha ngamia. Alikuwa jike mzee, kope ndefu, anatafuna taratibu kama bibi asiye na meno. Mlezi wake, mwanamume mwenye koti la kijani la bustani, alimwita Bi Mkubwa.

"Wanangu, huyu hana shari," alisema. "Ila msipite nyuma yake, na msimshtue. Akiinuka huanza na miguu ya nyuma, kwa hiyo aliye juu ashike tandiko kwa nguvu. Tuanze na shujaa wetu wa chatu."

Miwani alipanda, ngamia akiwa bado amepiga magoti. Watoto walisongamana mbele waione sura yake. Pilipili peke yake alizunguka nyuma. Mkono wake uliingia mkobani, ukapapasa mkebe wa hisabati, ukatoka na bikari. Alitaka ngamia aruke kidogo tu, Miwani apige ukelele, darasa lipate kicheko kipya. Akaishindilia ile ncha ya chuma kwenye paja la mnyama. Ngamia alitetemeka tu. Akachoma tena, safari hii kwa nguvu zake zote.

Bi Mkubwa alitoa mlio ambao hakuna aliyewahi kuusikia, kama bati linalochanwa. Aliinuka kwa kishindo, akarusha teke, akajizungusha. Miwani alirushwa hewani na kuangukia ukingo wa saruji. Mkono wake ulilia *kwa!* kama kuni kavu. Na wapo waliocheka, kabla hawajauona ule mkono umepinda mahali pasipo na kiungo.

Meneja wa bustani alifika mbio, na fimbo mkononi. Hakuuliza. Alimpiga ngamia usoni, shingoni, na magotini, huku mlezi akiikumbatia ile shingo na fimbo nyingine zikimpata yeye.

"Bosi, mwache! Kuna kitu kimemchoma! Huyu namjua!"

"Kitu gani? Umeshindwa kumshika, sasa unatafuta visingizio! Ngamia anayeangusha watoto ni nyama. Kesho asubuhi namwita mchinjaji. Na wewe vua hilo koti, huna kazi."

Mlezi alilivua koti mbele ya watoto. Mwalimu wao wa sayansi, akiwa amempakata Miwani anayelia, aliwageukia wanafunzi.

"Nani ameona kilichotokea? Semeni!"

Tambi, ambaye kwa urefu wake alikuwa ameona mpaka nyuma ya ngamia, alimtazama Pilipili, kisha akatazama viatu vyake. Pilipili alihisi bikari ikimwunguza ndani ya mkoba. Akaufunga mkoba.

Laiti angeishia hapo. Ndani ya basi, watoto walipoanza kuulizana, alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Miwani alimpiga ngamia teke. Nilimwona. Alijifanya shujaa." Maneno yalishika kama moto wa majani makavu. Basi lilipofika shuleni, kila mtu "alikuwa ameona" lile teke.

Jioni mama alipata habari za ajali, akafunika cherehani. "Twende hospitali tukamwone mwenzako. Si ndiye anayekufundisha hesabu?"

"Mama, mimi naumwa kichwa."

"Hospitali ndiko kwenye dawa. Vaa viatu."

Walimkuta Miwani kitandani, mkono umefungwa plasta mpaka juu ya kiwiko, miwani imevunjika kioo kimoja. Mama yake alikuwa amesimama juu yake akimfokea.

"Darasa zima linasema! Ulimpiga mnyama teke! Mimi nikeshe kazini, wewe uende kunitia aibu na kuwafukuzisha watu kazi?" Akamzaba kofi. Kofi hilo lilisikika wodi nzima.

"Sikumpiga, mama! Wallahi sikumpiga!" Miwani alilia. Kisha, kwa jicho lile moja lililoona vizuri, akamwona Pilipili mlangoni, na uso wake ukachangamka. "Muulize huyu! Yeye alikuwa nyuma yetu. Mwambie mama, tafadhali. Wewe ulikuwa karibu. Uliniona nikimpiga?"

Wote wakamgeukia Pilipili. Angeweza kusema "ndiyo", na yote yangeishia pale. Alilitazama shavu la Miwani, alama za vidole zinaanza kuvimba.

"Hakumpiga," alisema. "Ni mimi. Nilimchoma ngamia kwa bikari. Na lile la teke nililitunga mimi."

Mama wa Miwani aliketi ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyekatwa miguu. Alimvuta binti yake kifuani, akaanza kulia bila sauti. Mama wa Pilipili hakupiga, hakufoka. Alisema tu, "Tunaomba radhi, dada," akamshika mwanawe mkono wakatoka. Njia nzima hakumsemesha, na Pilipili alitamani heri angepigwa.

Kulipokucha mama na binti walikuwa langoni mwa bustani, pamoja na mwalimu. Mchinjaji alikuwa ameshafika, ananoa kisu juu ya jiwe. Bi Mkubwa alikuwa amefungwa nguzoni, jicho limevimba. Mlezi alikuwa amekuja kumuaga. Alisimama nje ya uzio, bila koti.

"Mnataka nini?" meneja aliuliza.

Pilipili alisema yote. Mlezi aliruka uzio, akayapekua manyoya ya paja, na hapo vikaonekana: vitundu viwili, vimezungukwa na damu iliyoganda.

Meneja alivitazama vile vitundu, akaitazama fimbo yake iliyoegeshwa ukutani. "Rudi nyumbani," alimwambia mchinjaji. Kisha akamrudishia mlezi koti lake bila kumtazama usoni.

"Nisamehe, baba," Pilipili alimwambia mlezi.

"Leo siwezi, mwanangu," mlezi alijibu akimfungua ngamia. "Nenda. Labda siku nyingine."

Pilipili aliunyoosha mkono kumgusa Bi Mkubwa. Ngamia alirudi nyuma, akapiga kelele, akajificha nyuma ya mlezi wake. Mwezi mzima uliofuata Pilipili alipelekwa pale kila Jumamosi kufagia banda, na kila Jumamosi ngamia alimkimbia.

Siku ile ile ya kukiri bustanini, Pilipili alisimamishwa mbele ya darasa, akasema ukweli. Darasa likacheka. "Bikari! Bikari!" Tambi alianza, wengine wakaitikia. Pilipili alisimama machozi yakimchuruzika, na safari hii alikisikia kile kicheko kutoka upande wa anayechekwa.

Mwalimu alipiga meza kwa kiganja.

"Nyamazeni! Mnamcheka nani? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ngamia aliporuka, mlicheka. Uongo ulipopita basini, mliubeba. Aliyechoma ni mmoja, lakini waliompa sababu ya kuchoma ni ninyi nyote. Wewe uliyeanza kelele, uliona, ukanyamaza; nilikuona ulivyotazama viatu. Mtu alifukuzwa kazi mbele ya macho yako, mwenzako akapigwa kofi akiwa mgonjwa. Huo nao si ukatili?"

Tambi aliinama.

"Furaha inayopatikana kwa maumivu ya mwingine, awe mtu au mnyama, ni wizi," mwalimu aliendelea, sauti imeshuka. "Na kosa lisilokiriwa halikai mahali pamoja, linatembea likiwaumiza wasiohusika. Huyu amechelewa kusema, na kuchelewa kwake kumewagharimu wengine. Lakini amesema. Asiyejua kuona haya ndiye wa kuogopwa."

Miwani aliporudi shuleni, mkono ukining'inia kwenye kitambaa shingoni, Pilipili alimsogezea kiti. Miwani alisimama kidogo.

"Sikuchukii," alisema. "Ila kwa sasa nitakaa kule mbele."

Pilipili aliitikia kwa kichwa. Akauchukua mkoba wa mwenzake, kwa kuwa mkono mmoja haukutosha kuubeba, akaupeleka mpaka lile dawati la mbele, akauweka taratibu, na akarudi kukaa peke yake.