Bibi na Udongo Unaooshwa

Katika nyumba ya kinyozi, ghorofa ya tatu, kila mtu alikuwa na kazi isipokuwa Bibi. Kinyozi alishuka ngazi asubuhi kwenda kunyoa watu. Mkewe alishona nguo karibu na dirisha. Bibi, mama yake kinyozi, alikaa kwenye roshani akitazama magari.

Bibi alikuwa mkulima tangu utotoni. Alipoteleza shambani na kuumia nyonga, mwanawe alimleta akae naye. Majirani walisema ana bahati. Lakini mikono iliyozoea jembe haiwezi kukaa bure, na mikono ya Bibi ilianza kupanga upya vyombo vya mkwewe. Siku moja alihamisha kopo la chumvi, na mkwe akalitafuta mpaka chakula kikapoa.

Wakaona heri apande mboga kwenye ndoo. Kinyozi alipandisha udongo kwa gunia, akihema kila ngazi. Mboga zikaota. Kisha mvua ikanyesha. Tope likaziba bomba la kutolea maji ya mvua, likamwagika mpaka kwenye shuka za mama wa ghorofa ya chini, tena shuka nyeupe. Mwenye nyumba akapanda kuangalia. Alisema kwa adabu kwamba roshani haikujengwa kubeba shamba. Udongo ushuke. Ukashuka.

Kesho yake Bibi alitoa begi lake la turubai chini ya kitanda na kuliweka nyuma ya mlango.

"Mwanangu, nyonga imepona," alisema. "Narudi kwangu. Hapa nimekuwa pambo."

Kinyozi aliingiwa na hofu. Kule Bibi angeishi peke yake. Akianguka tena, nani angemwinua? Alimwomba angoje kidogo, kisha akaenda kumweleza jirani wa mlango wa pili, mama anayefanya kazi kwenye kitalu cha miche.

Jioni jirani alikuja na ndoo iliyojaa kitu cha rangi ya kahawia. Alimwomba Bibi aiinue. Bibi alijikaza kama mtu anayeinua udongo, na ndoo ikaruka nusura imgonge kidevu.

"Ni makumbi hayo, mama," jirani alisema. "Yale maganda ya nje ya nazi, yamechanwa na kukatwakatwa. Muuza nazi anayatupa nyuma ya kibanda chake. Ukimwomba, atakushukuru kwa kumpunguzia takataka."

Alieleza kwamba makumbi hushika maji vizuri na hupitisha hewa, kwa hiyo mizizi hupumua. Hayafanyi tope. Lakini yana chumvi na utomvu, kwa hiyo lazima yaoshwe kwanza. Tena hayana chakula cha kutosha kwa mmea, kwa hiyo lazima yachanganywe na mboji iliyooza vizuri.

Bibi alisikiliza yote, akakwama kwenye neno moja.

"Yaoshwe? Nimelima maisha yangu yote, sijaona udongo unaooshwa. Kwani unakwenda harusini?"

Wote walicheka, hata jirani. Lakini Bibi hakuwa anatania.

Maganda yaliletwa. Bibi aliyalowanisha ili yalainike, akayachana kwa mikono. Mkwe alitoa mkasi wake wa zamani, wakakata pamoja, na kwa mara ya kwanza waliongea muda mrefu bila kutajiana chumvi. Mkwe aliporudi kwenye cherehani, Bibi alimwaga makumbi ndani ya ndoo yalivyo, akaweka mboji, akashindilia kwa ngumi kama alivyozoea shambani. Akapanda miche ya nyanya. Kila alipoona juu pamekauka, alimwagilia.

Miche haikustawi. Majani yaliungua pembeni, yakageuka manjano, yakalala. Bibi hakulalamika. Alilifuta begi vumbi tu.

"Hata makumbi yamenikataa," alimwambia mkwewe, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kweli.

Mkwe alitoka bila kuvaa viatu, akamwita jirani. Jirani alichomoa mche mmoja. Juu palikuwa pakavu, lakini chini maji yalidondoka, na mizizi ilikuwa imeanza kuoza.

"Mama, uliyaosha?"

Bibi alitazama barabarani. "Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Niliyaonyesha maji."

Jirani hakumcheka. Alisema kosa kama hilo hutokea sana kwa watu waliolima, kwa sababu wanaujua udongo na wanadhani makumbi ni ndugu yake. Makumbi hukauka juu upesi, lakini chini bado yana maji. Usiamini macho. Ingiza kidole. Kidole kikitoka na unyevu, ngoja. Wala usishindilie, maana hewa itakosa njia.

"Haya," alisema Bibi. "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Leteni beseni."

Walilowanisha makumbi, wakayakamua. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama chai iliyokolea. Wakamwaga, wakaweka mengine, wakarudia mpaka maji yakawa meupe. Wakachanganya mafungu mawili ya makumbi na fungu moja la mboji. Wakatoboa ndoo chini, wakajaza bila kubana, wakapanda upya.

Safari hii nyanya zilisimama. Baadaye zikatoa maua, kisha matunda. Mwenye nyumba alikuja kukagua. Aliinua ndoo moja kwa mkono mmoja, akaangalia sakafu, haikuwa na tope. Aliondoka na nyanya mfukoni. Shuka za chini zilibaki nyeupe.

Asubuhi moja kinyozi alifuata mwavuli nyuma ya mlango. Begi halikuwepo. Alimwita mama yake. Akakimbilia kwenye roshani.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda. Begi lilikuwa mbele yake, limetobolewa chini na kujazwa makumbi, na miche ya pilipili imesimama ndani yake.

"Mama, hilo si begi lako?"

"Ndilo. Ndoo zimekwisha."

"Na siku ya kuondoka utabebea nini nguo zako?"

Bibi aliingiza kidole kwenye makumbi, akakitoa, akakiangalia.

"Sogea, mwanangu," alisema. "Unaiwekea miche yangu kivuli."

Kinyozi akasogea.