Aliyeitika Nyuma ya Ismaili

Jambo hili lilimpata Ismaili, jirani yetu wa Kilibula, na mpaka leo hawezi kulisimulia akikutazama usoni.

Jioni moja alikwenda bandarini Kalundu, kwenye depo la kuhifadhia samaki, kuchukua gunia la ndagala, dagaa wa ziwani. Umeme ulikuwa umekatika. Libérat, mlinzi wa depo, akamwambia, "Papa Dalila, humo iko giza. Ungoje kwanza."

"Miye sikawii," akajibu, akaingia na kurudisha mlango.

Hakutaka aonekane akisali. Binti yake Dalila alikuwa hospitalini, hata maji hamezi, na yeye Ismaili hakuwa amesali tangu mafuriko yalipomchukua mama yake. Aliona haya kumrudia Mungu kwa sababu ya shida, kama mgeni anayebisha hodi wakati wa chakula tu. Alikuwa ametawadha ziwani kwa kujificha. Akatandika gunia tupu, akaanza sala ya Magharibi, akisoma kwa sauti ya chini.

Alipomaliza Alhamdu, mtu akaitika taratibu nyuma yake: "Aamin."

Ismaili hakuthubutu kugeuka. Aliposujudu, akasikia magoti yakilia ko, ko, kama yalivyolia ya mama yake alipokuwa akisali nyuma ya mwanawe nyumbani. Maombi yote yakamtoka kichwani. Alilia tu, akisema, "Nisamehe."

Akatoa salamu kulia na kushoto, macho ameyafumba.

Libérat akaingia na tochi. Hapakuwa na mtu. Lakini nyuma ya gunia alilosalia, kwenye simenti kavu, palikuwa na alama za tope: viganja, magoti, na paji la uso.

Ismaili akagusa pale paji lilipotua. Palikuwa bado na joto.